Treni za umeme za EMU kwa safari za mikoani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wa namna mbili. Wapo abiria wanaotaka kujua treni waliyopanda inajiendeshaje bila kichwa cha kuivuta. Wapo pia watu wa mipango, ambao mbele yao kuna uamuzi mgumu: kununua vichwa na mabehewa, au kununua seti kamili. Nimeyapa nafasi kubwa zaidi mambo yanayotokea kwenye stesheni za njiani, kwa kuwa huko ndiko treni ya mikoani inakopata dakika zake au kuzipoteza.

EMU ni treni ya namna gani hasa?

EMU ni kifupi cha Kiingereza cha "electric multiple unit". Ni treni ya umeme ambayo mota zake zimegawanywa chini ya mabehewa badala ya kurundikwa kwenye kichwa kimoja cha mbele. Kila ncha ina chumba cha dereva. Mabehewa huunganishwa kiwandani au karakanani na kukaa pamoja, kwa hiyo seti nzima huhesabiwa kuwa chombo kimoja. Umeme unatoka nje ya treni, ama kwa waya wa juu kupitia pantografu, ule mkono unaokunjuka juu ya paa, ama kwa reli ya tatu iliyolazwa pembeni mwa njia. Hakuna tangi la mafuta wala injini ya dizeli.

Si kila behewa lina mota. Chukua Stadler FLIRT ya mabehewa manne, treni ya Uswisi iliyoanza kazi mwaka 2004 na ambayo sasa inaonekana katika nchi nyingi. Ina bogi tano, yaani fremu tano zilizobeba ekseli na magurudumu, na katika muundo wake uliozoeleka ni bogi ya kwanza na ya mwisho tu zenye mota. Zile tatu za kati hubeba uzito peke yake. Upande wa pili ipo Shinkansen ya kwanza ya Japani, ya mwaka 1964, ambayo kila ekseli yake ilikuwa na mota. Zote mbili ni EMU. Idadi ya ekseli zenye mota huamuliwa na kazi inayoisubiri treni.

Nani alibuni mfumo huu?

Treni ya umeme yenyewe ilionyeshwa na Werner von Siemens mjini Berlin mwaka 1879. Lakini kuendesha mabehewa mengi yenye mota kwa mkono wa mtu mmoja ni jambo lililokuja baadaye, na sifa yake anastahili Mmarekani Frank J. Sprague. Alikuwa amefanya kazi ya lifti za umeme, na humo alijifunza kwamba mkondo mdogo unaweza kubeba amri na kuamsha swichi kubwa zilizo mbali. Mwaka 1897 aliupeleka ujuzi huo kwenye reli ya juu ya South Side huko Chicago. Dereva aligeuza mkono wa mtambo kwenye behewa la mbele, na mota za mabehewa yote zikaitikia kwa pamoja.

Treni za leo bado zinafuata wazo hilo. Kilichobadilika ni kwamba waya unaopita kutoka behewa hadi behewa sasa unabeba ujumbe wa kompyuta, na swichi za shaba zimeachia nafasi vifaa vya kielektroniki.

Kwa nini mota zigawanywe? Kichwa kimoja chenye nguvu hakitoshi?

Hapa ndipo kiini cha habari yote. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina mshiko mdogo, ndiyo maana treni husafiri kwa umeme kidogo ikilinganishwa na uzito wake. Udogo huo wa mshiko ndio pia unaoleta taabu wakati wa kuondoka. Ukilazimisha nguvu nyingi kwenye magurudumu machache, yanateleza. Kinachoamua nguvu inayoweza kutumika ni uzito unaokalia magurudumu yenye mota, hata kama mota zenyewe zina uwezo mkubwa zaidi.

Tufanye hesabu. Kichwa chenye ekseli 4, kila moja ikibeba tani 22, kina uzito wa tani 88. Kikivuta mabehewa ya tani 400, treni nzima ni tani 488. Uzito unaokalia magurudumu yenye mota haufiki hata robo ya treni. Ukipiga asilimia, ni 18 tu. Kwenye seti ya EMU ambayo ekseli 4 kati ya 10 zina mota, ni karibu asilimia 40. Ukiweka mota kwenye nusu ya ekseli, unakaribia asilimia 50. Ni tofauti ya mtumbwi wenye wapiga makasia wengi na ule unaovutwa kwa kamba na mashua moja.

Matokeo yake huonekana kila treni inapoondoka. Sema treni moja inachanganya kasi kwa wastani wa mita 0.4 kwa sekunde katika kila sekunde, na nyingine kwa mita 0.8. Kufikia kilomita 120 kwa saa, ya kwanza inahitaji sekunde 83 na ya pili sekunde 42. Ukilinganisha na treni ambayo ingepita bila kusimama, ya kwanza inapoteza takriban sekunde 42 kwa kila kuondoka, ya pili 21. Sekunde 21 zinaonekana si kitu. Zidisha kwa vituo 15, umepata dakika 5 na ushee.

Dakika tano ndizo za kutetea ununuzi wa treni mpya?

Ndiyo, na watu wengi hawaamini mpaka waone ratiba imeandikwa. Fikiria njia ambayo safari ya upande mmoja inachukua dakika 58, na treni inahitaji dakika 7 kila ncha kabla ya kugeuza. Mzunguko mzima ni dakika 130. Ukitaka treni kila saa, unahitaji treni 3, kwa sababu ya kwanza haijarudi wakati wa zamu yake kufika. Punguza dakika 5 kila upande, safari inakuwa dakika 53. Ukijumlisha 7 za kugeuza, ni saa moja kamili. Mzunguko unakuwa dakika 120, na seti 2 zinafanya kazi ya treni 3. Umeokoa treni nzima, madereva wake na matengenezo yake.

Kugeuza kwenyewe ni rahisi. Dereva anafunga chumba cha ncha moja, anatembea hadi ncha ya pili, anafungua, wanaondoka. Kichwa cha kawaida hukatwa, kikazungushwa kwa njia ya pembeni na kufungwa upande wa pili. Kwa haki ya mambo niseme kwamba treni yenye kichwa nyuma na behewa lenye chumba cha dereva mbele nayo inageuka haraka. Faida hiyo si ya EMU peke yake. Kuchanganya kasi ndiko ambako treni ya kichwa haiigusi.

Si afadhali kununua treni yenye mwendo wa juu zaidi?

Swali hili huulizwa na viongozi kuliko abiria, na ninalielewa: mwendo wa juu unatangazika. Lakini angalia stesheni zilizoachana kilomita 5. Ukipandisha mwendo wa juu kutoka kilomita 140 hadi 160 kwa saa, kwa treni inayochanganya na kufunga breki vizuri, unaokoa kama sekunde 9 kati ya stesheni na stesheni. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya kipande hicho inaliwa na kuchanganya na kupunguza, na treni hukaa kwenye mwendo wake wa juu kwa muda mfupi mno. Wakati huohuo nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi, hivyo kila mara treni inapofika 160 imehitaji asilimia 30 zaidi ya ile ya kufika 140. Unalipa theluthi karibu nzima ya ziada kwa sekunde 9.

Kwenye njia ambayo vituo vimeachana kilomita 20 au 30, hesabu inageuka na mwendo wa juu unakuwa na maana. Uswisi ilipopanga mradi wake wa Bahn 2000, ambao ratiba yake kuu ilianza Desemba 2004, ilifuata kanuni kwamba treni isiende kasi yote inayowezekana bali kasi inayohitajika, ili treni za njia mbalimbali zikutane stesheni kuu kwa wakati mmoja na abiria wabadilishe bila kusubiri. Ni kanuni ninayoitamani kila palipo na reli ya mikoani.

Nini kingine huokoa muda stesheni?

Milango, na usawa wa sakafu na jukwaa.

Mlango wenye upana wa mita 1.3 hivi huruhusu watu wawili kupita sambamba. Behewa la zamani la safari ndefu lina mlango mwembamba kila ncha, na ngazi mbili tatu za kupanda. Mzee mwenye mzigo, mama mwenye kigari cha mtoto au mtu wa kiti cha magurudumu anapofika pale, treni nzima inamsubiri, naye anajiona ndiye mwenye kosa. Kosa ni la aliyechora treni na jukwaa. Sakafu ikilingana na jukwaa, na kibao kidogo kikatoka kuziba mwanya, kila mtu anaingia kwa miguu yake au kwa magurudumu yake bila kuomba msaada.

Hapa kuna mtego. Ulaya bara viwango viwili vikuu vya kimo cha jukwaa ni milimita 550 na 760 juu ya reli, na kwingineko majukwaa yameinuka zaidi ya hapo. Treni ya sakafu ya chini iliyotengenezwa kwa kimo kimoja haitafaa kwenye kingine. Kimo cha jukwaa kiamuliwe kabla ya treni kuagizwa, na kiwe kimoja kwa njia nzima. Sehemu zilizoacha jambo hili limalizwe baadaye hubaki na ngazi za kukunjua kwa miaka 30.

Sakafu ikishushwa, mitambo haina tena nafasi chini ya behewa. Ndiyo maana ukitazama treni nyingi za mikoani kutoka daraja la juu, paa limejaa masanduku: kiyoyozi, vikinza umeme, wakati mwingine hata transfoma.

Umeme unapita njia gani kutoka waya wa juu hadi kwenye gurudumu?

Kwenye mfumo wa volti 25,000 za mkondo geu (AC), pantografu inauchukua na kuupitisha kwenye swichi kuu, kisha kwenye transfoma inayoupunguza. Vifaa vya kielektroniki huugeuza kuwa mkondo mnyoofu (DC), halafu inveta inauumba upya kuwa mkondo geu wa fezi tatu, wenye volti na masafa yanayobadilika kadiri dereva anavyotaka. Mkondo huo ndio unaozungusha mota. Ile sauti ya kupanda kama mluzi treni inapoondoka ni inveta ikifungua na kufunga umeme mara nyingi mno kwa sekunde.

Mifumo ya umeme si mmoja duniani. Volti 25,000 kwa hezi 50 au 60 ndiyo huchaguliwa na njia nyingi mpya. Ujerumani, Austria, Uswisi, Sweden na Norway zinatumia volti 15,000 kwa hezi 16.7, urithi wa mwanzo wa karne ya 20. Italia, Poland na Ubelgiji zina mtandao mkubwa wa volti 3,000 za mkondo mnyoofu, Uholanzi volti 1,500, na kusini mwa Uingereza reli ya tatu hubeba volti 750. Treni zinazovuka mipaka huundwa ziweze kula mifumo miwili au zaidi, kwa gharama ya uzito na bei.

Ni kweli breki hurudisha umeme?

Ni kweli. Dereva akipunguza mwendo, mota zinageuka kuwa jenereta. Treni ya tani 200 inayokwenda kilomita 140 kwa saa imebeba nishati ya mwendo ya uniti 42 hivi za umeme. Breki za msuguano zingeigeuza yote kuwa joto na vumbi la chuma. Breki za umeme hurudisha sehemu yake kwenye waya, ikatumiwa na treni nyingine iliyo karibu au ikarudi kwenye gridi. Sehemu nyingine hupotea kwenye mitambo, na upinzani wa hewa hauna marejesho.

Kwenye njia za mkondo mnyoofu, umeme huo huhitaji mpokeaji karibu, kwa sababu vituo vingi vya kupozea umeme vya aina hiyo hupitisha umeme upande mmoja tu. Pasipokuwa na treni nyingine ya kuupokea, unachomwa kwenye vikinza juu ya paa. Na kwa sababu EMU ina mota kwenye ekseli nyingi, inaweza kufunga breki kwa umeme kwa nguvu zaidi kuliko kichwa kimoja kinavyoweza. Pedi za breki zinadumu, na karakana inashukuru.

Mbona wakati mwingine treni huja na seti mbili zilizounganishwa?

Asubuhi na jioni abiria ni wengi, mchana ni wachache. Seti mbili huunganishwa kwa viungio vya kujifunga vyenyewe: treni inasogea taratibu, ncha zinagusana, na vyuma, hewa ya breki na nyaya za amri vyote vinaungana kwa mpigo mmoja. Dereva wa mbele anaendesha zote mbili. Mchana zinatenganishwa, moja inabaki kazini, nyingine inaenda kuoshwa.

Unaweza pia kuondoka na treni moja mjini na kuigawa njiani, nusu iende tawi hili na nusu tawi lile. Kwa watu wa miji midogo huu ni ukombozi, maana wanapata treni ya moja kwa moja bila kubadilisha. Lakini wewe abiria angalia ubao wa behewa lako kabla hujakaa, kwani seti nyingi hazina njia ya kupita kutoka moja hadi nyingine.

Treni za miundo tofauti kwa kawaida haziongei. Kiungio kinaweza kufanana kabisa na kompyuta zikakataana. Shirika linalonunua seti kumi za mtengenezaji huyu na kumi za yule linaishia na makundi mawili yasiyosaidiana.

Hasara zake ni zipi?

Zipo, na mnunuzi aambiwe waziwazi. Kwanza, behewa moja likiharibika choo au mlango kwa ubaya, seti nzima inaingia karakana, ilhali kwenye treni ya kichwa behewa lingekatwa na lingine likawekwa. Kwa sababu hiyo lazima ununue seti za akiba kupita zile za ratiba. Pili, huwezi kuongeza behewa moja tu siku ya sikukuu. Unaongeza seti nzima au huongezi. Tatu, mota iko chini ya miguu ya abiria, kwa hiyo kelele na mtikisiko huwa zaidi kidogo kuliko kwenye behewa lililo mbali na kichwa.

Nne ni bogi za kati ambazo mabehewa mawili hukalia pamoja, zinazojulikana kama bogi za Jakobs. Zinapunguza uzito na kutuliza mwendo, lakini kutenganisha mabehewa yake ni kazi ya karakana yenye vifaa, haifanyiki stesheni.

Kwa treni za usiku zenye vitanda, safari ndefu zenye vituo vichache, au njia ambazo nusu yake haina umeme, kichwa na mabehewa bado ni chaguo zuri. Sioni sababu ya kulazimisha EMU huko.

Ikiharibika njiani, abiria wanakwama?

Mara nyingi hapana. Seti huwa na mifumo miwili au zaidi ya kuendesha mota. Mmoja ukifa, dereva anautenga na kuendelea kwa nguvu pungufu, treni ikachelewa lakini ikafika. Kichwa kimoja kikifa pasipo cha pili, treni imesimama.

Waya wa juu ukikatika ni habari nyingine. Hapo kila treni ya umeme kwenye kipande hicho inasimama, iwe ya aina gani. Betri za ndani huendelea na taa na mawasiliano kwa muda, ila kiyoyozi hakiwezi. Treni ambazo madirisha yake hayafunguki zinahitaji mpango wa kuwahudumia au kuwashusha abiria, na shirika makini hufanyia mazoezi mpango huo kabla ya siku ya shida. Liwepo pia kichwa cha dizeli chenye kiungio kinacholingana, kwa ajili ya kuja kuivuta.

Na njia isiyo na waya, au yenye waya nusu?

Siku hizi zipo EMU zenye betri. Chini ya waya zinajichaji zikiwa zinaendelea na safari, na waya ukiisha zinashusha pantografu na kwenda kwa betri. Japani ilianza kuitumia EV-E301 mwaka 2014 kwenye njia ya Karasuyama, ambayo urefu wake ni kilomita 20 hivi, na treni inachajiwa kwenye kituo cha mwisho. Huko Ujerumani, FLIRT ya betri ilitambuliwa na kitabu cha rekodi cha Guinness mwaka 2021 kwa kwenda kilomita 224 bila kuchajiwa. Usiipangie ratiba kwa rekodi hiyo. Betri huchakaa, joto na baridi vinaila, na kiyoyozi kinataka chake. Siemens Mireo Plus B, iliyoanza kubeba abiria kusini magharibi mwa Ujerumani mwaka 2024, inahesabiwa kufika takriban kilomita 120, na huo ndio ukubwa wa namba ambao mpangaji anaweza kuutegemea, akiacha akiba.

Kwa tawi fupi lenye treni moja kwa saa, betri inaweza kuokoa gharama ya nguzo na nyaya za kilomita nyingi. Kwa njia yenye treni kila dakika 15, jenga waya. Betri ni tani za uzito ambazo utazibeba kila siku kwa miaka yote.

Ni wapi zinafanya kazi hii sasa?

Ulaya na Japani zimejaa. Barani Afrika, Algeria iliagiza FLIRT 64 za mabehewa manne kwa treni za kuzunguka Algiers. Gautrain ya Afrika Kusini inazo tangu mwaka 2010, na nchi hiyohiyo imekuwa ikibadilisha treni za mijini kwa X'Trapolis Mega za mabehewa sita. Tanzania ilianza kuzitumia mwaka 2024 kwenye reli ya SGR, kwa seti za mabehewa manane zilizotengenezwa na Hyundai Rotem. Mwaka huohuo reli ya Caltrain, kati ya San Francisco na San Jose huko Marekani, iliacha vichwa vya dizeli na kuingiza EMU za ghorofa mbili.

Njia hizi hazifanani. Nyingine zina vituo kila kilomita mbili tatu, nyingine zina vipande virefu vya kukimbia. Ndiyo maana kunakili oda ya jirani ni hatari.

Tunataka kuzinunua. Tuanzie wapi?

Anzeni na ratiba. Andikeni kwanza treni zitapita saa ngapi katika kila kituo, zitakutana wapi na mabasi na treni nyingine, abiria wangapi watakuwa kwenye kipande kilichojaa zaidi. Kutoka humo ndimo zinapatikana idadi ya seti, urefu wake, uwezo wa kuchanganya na idadi ya milango. Nimeona mijadala mingi ikianzia kwenye picha ya pua ya treni na rangi za viti, na ratiba ikapachikwa mwishoni, na matokeo yake ni treni nzuri inayosubiri njia ya kupishana.

Baada ya ratiba njoo majukwaa: kimo na urefu. Seti mbili zikiunganishwa zitaenea? Kisha umeme: vituo vya kupozea vinaweza kulisha seti zinazoondoka kwa pamoja? EMU inapochanganya inavuta umeme mwingi kwa muda mfupi, na mtandao dhaifu utaifanya ijipunguze nguvu, mkawa mmelipia uwezo msioutumia. Kisha karakana. Behewa halikatwi, kwa hiyo jengo liwe na urefu wa seti nzima, ngazi za kufikia mitambo ya paani, na mashine ya kuchonga magurudumu bila kuyatoa. Mafundi waanze kufundishwa kabla treni ya kwanza haijafika, na mkataba useme wazi vipuri na programu za kompyuta zitapatikana vipi kwa miaka 30 au 40, ambayo ndiyo maisha ya treni hizi. Kipengele hicho cha mwisho kisimamiwe bila haya. Mwenye programu ndiye mwenye treni.

Viti viwe vingapi? Safari ya zaidi ya nusu saa, mtu apate kiti. Maoni yangu ni hayo, na ninayashikilia.

Ni salama?

Ndani, ndiyo. Kiwango cha Ulaya cha EN 15227 kinataka seti iweze kugongana na nyingine kama yake kwa tofauti ya kasi ya kilomita 36 kwa saa huku nafasi ya abiria na ya dereva ikibaki haijapondwa. Juu ya hapo kuna mifumo ya usalama inayosimamisha treni dereva asipotii ishara.

Hatari kubwa iko nje, juu. Volti 25,000 zinaweza kumrukia mtu kabla hajagusa waya, kuukaribia kunatosha. Usipande paa la treni hata ikiwa imesimama, usinyanyue fito au bomba refu chini ya waya, na waya ulioanguka uuchukulie kuwa una umeme mpaka wenye reli waseme umezimwa. Watoto wanaokaa karibu na reli iliyowekewa umeme hivi karibuni waambiwe mapema na waambiwe tena.

Zinachafua hewa?

Pale inapopita, hakuna moshi. Kwingineko inategemea umeme umezalishwa kwa nini. Vumbi la breki hupungua, kwa sababu iliyoelezwa juu.

Kwa nini kiyoyozi hunyamaza njiani kwa sekunde chache, kisha kikaanza tena?

Kwenye njia za mkondo geu, vituo jirani vya kupozea umeme huchukua umeme kwenye fezi tofauti za gridi, na fezi hizo hazitakiwi kugusana. Kati yao huwekwa kipande kifupi cha waya kisicho na umeme. Treni inapokikaribia, swichi kuu inafunguliwa, yaani umeme unakatwa, na dereva au kifaa cha njiani ndicho kinachofanya hivyo. Treni inapita kwa msukumo wake, taa zikiwaka kwa betri, kisha swichi inafungwa, umeme unapita tena na mitambo inarudi mmoja baada ya mwingine. Kiyoyozi huwa miongoni mwa vya mwisho. Hakuna kilichoharibika.